Shavu Langu la Kushoto na Kopo Lako

Aziza mwanangu,

Umekwenda kusukwa, na mama yako amekwenda sokoni kutafuta samaki wa ziwa la Tshangalele wa kukufungia kwa safari ya kesho, kana kwamba Kolwezi watu hawali. Nyumba ni yangu mpaka jioni. Nimekaa mezani na begi lako liko mbele yangu, zipu imefungwa. Linanitazama, nami nalitazama. Hatuaminiani.

Usikishangae Kiswahili hiki. Nyumbani tunasema chetu, minye na weye badala ya mimi na wewe, na Kifaransa tukitaka kugombana. Lakini nikishika kalamu naandika kile nilichookota Dar es Salaam, miaka ile nilipokuwa napeleka shaba bandarini. Shule iliniacha mwaka wa pili wa sekondari, au mimi niliiacha, hatukuulizana. Mengine yote nimesomea barabarani. Baba yako amelala Durban, amekula Lusaka, amebishana na polisi wa nchi nne na kushindwa na mmoja tu, na huyo alikuwa mwanamke. Kwa hiyo soma hii barua kama ya msomi.

Habari za kufunga mlango, kupiga simu na kuchemsha maji atakuambia mama yako. Amezipanga toka juzi, namsikia akizirudia jikoni. Mimi nina jambo moja tu. Liko kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, limevishwa soksi ya bluu. Ni lile kopo la krimu la Yaya Betty, huyo dada wa mtaani.

Najua liko pale. Dereva anajua kila kitu kilichomo kwenye gari lake, hasa kile ambacho mtu amekificha.

Nakumbuka siku uliyorudi kutoka Kolwezi kwenye mahojiano. Uliingia ukasema, "Papa, nimepata kazi!" Mama yako akapiga vigelegele mpaka jirani akadhani umeposwa. Lakini wewe hukukaa. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kioo cha korido ukasimama pale kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Nikakuuliza kuna nini. Ukasema yule meneja wa hoteli alikupa mkono vizuri, akasema kazi ni yako, halafu akakutazama kidevuni na kwenye paji la uso, akasema: "Mademoiselle, mapokezi ni uso wa hoteli." Akatabasamu. Kwisha.

Mimi yule mtu simwamini tangu siku hiyo, na sijamwona. Lakini wewe ulimwamini. Ndio maana kabla ya juma kwisha ukawa umekwenda kwa Yaya Betty.

Sasa nikuulize, na usikasirike, maana niko mbali na mkono wako: ile krimu imo kwenye kopo la mayonezi. Haina jina la mtu aliyeitengeneza. Haina tarehe. Haina hata uongo wa kuandika "made in" mahali fulani. Yaya Betty anaikoroga mwenyewe kwenye beseni, nyuma ya nyumba yake, anakamua mirija huku, anamimina chupa kule, akimaliza anasema ni ya "peau grasse", ngozi ya mafuta, inaondoa vipele haraka. Nilimuuliza ana kwa ana, "Yaya, mule ndani kuna nini?" Akacheka, akasema, "Vieux Hamisi, iko siri ya banamuke." Mtu akikuambia siri ya wanawake, na wewe mwanamke mwenyewe huijui, hiyo siri ni ya nani?

Kwenye barabara ya Kasumbalesa wapo watu wanauza mazuti, dizeli yetu hiyo, kwenye bidoni za plastiki, bei nzuri, maneno matamu. Dereva mgeni anamimina kwenye tangi. Dereva mwenye akili anatia kwanza kidogo kwenye chupa nyeupe, anaiweka juani, anakwenda kunywa chai. Akirudi anaona maji chini, uchafu katikati, mazuti juu. Mimi sikuwahi kuua injini hata moja, waulize wote, hata wale wasionipenda.

Basi nilipokuambia haya sebuleni, ulinijibu nini? Ulisimama, mkono kiunoni, kama mama yako kabisa, ukasema:

"Papa, weye ulinisugua uso na pate ya garaji. Leo njo unanifundisha krimu?"

Mama yako akacheka mpaka akakaa chini.

Ulikuwa na haki. Vile vipele havikukujia utotoni kama wenzako. Vilikungoja umalize chuo, uwe mtu mzima, ndipo vikaja na mafuta yao, uso unang'aa saa nne ya asubuhi kama umetoka kukaanga mandazi. Wajuaji wa mtaa wakaanza kazi yao. Shangazi yako akasema, "Ule mutoto anataka bwana, damu inachemka." Jirani akasema ni karanga. Mwingine akasema umeonewa kijicho. Na baba yako, fundi na dereva, akasema: mafuta ni mafuta. Kama yanatoka mikononi yatatoka usoni. Nikakuletea ile pate ya garaji, ile ya kuoshea mikono yenye grisi, yenye mchanga ndani, nikakuambia sugua asubuhi na jioni, tena kwa nguvu, usiionee huruma. Baada yake limau, kukausha. Nilijivuna mno. Nilimwambia mama yako kwamba wanasayansi wangekuwa wamewahi kufungua injini tungekuwa mbali.

Uso ukawa mwekundu, ukachubuka, ukawaka, na bado uking'aa. Vipele vikaongezeka. Uliacha wewe mwenyewe, mimi nilikuwa bado nasema endelea, inatoa uchafu wa ndani. Kumbe ngozi si karteri ya injini. Karteri ukiifuta grisi inakaa kimya, haina la kusema. Ngozi ukiiumiza inakujibu.

Kwa hiyo uliponirudishia ile pate kama hukumu, nilijua maneno yangu hayana tena bei nyumbani. Ningesema nini? Ningekuletea video kwenye simu? Nimeziangalia, hao wasichana wenye nyuso kama mayai yaliyomenywa. Mmoja alikuwa anapaka, akageuka kidogo, na sikio lake likapotea. Simu ndiyo iliyomtengeneza uso, si krimu. Wengine wanapaka vitu kumi na viwili vimepangwa kama foleni ya benki. Siwaamini wote. Mwenye duka la dawa pale mjini naye nilimuuliza, akanionyesha kwanza kile cha bei ya juu kabla hata sijamaliza swali. Naye nikamwandika kichwani.

Ndipo nikafanya kile anachofanya dereva. Kabla ya kupakia watu, breki anazijaribu mwenyewe.

Sasa kaa chini, kama unasoma umesimama.

Unakumbuka ulivyomgombeza mdogo wako Mwamini? "Nani anaiba krimu yangu? Kopo linapungua, na sijaanza hata kuipaka!" Mtoto akalia, akaapa kwa jina la Mungu, wewe hukumsadiki. Mwombe msamaha kabla hujaondoka. Ni mimi. Kila asubuhi ukiwa bafuni, nilichota kidogo kwa ncha ya kijiko cha chai, nikapaka shavu la kushoto. La kushoto peke yake, la kulia nikaliacha liwe shahidi. Unajua ngozi yako umeitoa kwangu. Hizi tundu kubwa za ngozi juu ya pua, haya mafuta, hata hiki kipele cha kidevuni kinachorudi kila mwezi kama mwenye nyumba, yote ni urithi wa upande wangu. Ndugu za mama yako wana ngozi kavu na roho kavu. Kwa hiyo kama hii krimu ni nzuri kwako, itakuwa nzuri kwangu. Na kama ni mbaya, heri ianzie kwa mtu ambaye hajaombwa kuwa uso wa hoteli.

Na Aziza, nitakuambia ukweli ambao Yaya Betty angefurahi kuusikia. Ilifanya kazi.

Siku chache tu. Vipele vikalala. Shavu likawa laini kama nyuma ya sikio la mtoto, likaanza na kung'aa kwa rangi ya chai ya maziwa. Nikaenda kwenye kibanda cha kahawa karibu na maegesho, wazee wenzangu wakanizunguka.

"Vieux Hamisi, umepata kabibi?"

"Njo vile! Angalia, huu upande iko kijana!"

"Na ule mwengine iko ku retraite!"

Walicheka, upande mmoja bwana harusi, mwingine mstaafu, nami nikacheka, lakini nikakaa nikiwageuzia upande wa kushoto. Hata yule mama wa kahawa, ambaye kwa miaka hajawahi kuniangalia, aliniongezea sukari bila kuombwa. Nikarudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo kile cha korido, pale pale unaposimama wewe, kijiko mkononi, na mkono wenyewe ukaanza kwenda shavu la kulia.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Mimi mwanaume, nywele zimekwisha, sina mahojiano ya kazi popote isipokuwa kaburini, na bado nilitaka. Kutazamwa vizuri ni kitu kitamu. Mtu asikudanganye kwamba ni upuuzi wa wasichana. Nilikuwa nakutazama wewe kila siku ukisimama pale, nikidhani unapoteza maji ya kunawa.

Lakini kilichonirudisha ni ile haraka yenyewe. Katika maisha yangu, kitu kilichofanya kazi haraka hivyo bila kusema kimetoka wapi, kilikuwa na bili nyuma yake. Nikaweka kijiko chini, nikasema, sasa tuone ukiachwa utafanyaje. Rafiki mzuri ukimwacha juma moja hakuchomi nyumba.

Nikaacha.

Siku ya kwanza kimya. Halafu shavu likaanza kuwasha, halafu kuwaka kama nimelilaza kwenye siafu. Likawa jekundu, likavimba, vikaibuka vipele vidogo vya usaha, vingi, vimebanana kama chumba cha gereza la Buluo siku ya kutembelewa. Vile vya zamani vilikuwa wageni. Hivi vilikuja na familia. Shavu la kulia likiwa limekaa pale na kipele chake kimoja cha kawaida, linatazama mbele, kama halinifahamu.

Ndio maana ya kile kitambaa nilichojifunga shavuni, nikawaambia ni jino. Hapana, sikuwa na jino. Upande wa kushoto sina jino la kuuma, lilibaki Kapiri Mposhi zamani sana, kwenye mfupa wa mbuzi. Lakini wewe ukanipikia uji kila asubuhi, ukaupoza, ukasema, "Papa, kunywa upande wa kulia, polepole." Nilikunywa upande wa kulia, polepole. Karibu niseme kila kitu. Nikaona bora kwanza nijue ninachosema, safari hii, si kama ile ya pate.

Ile siku niliyowaambia nakwenda Lubumbashi kuangalia kipuri, nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Chumba cha kungojea kimejaa wasichana, wamejifunika vitambaa, miwani nyeusi, hakuna anayemwangalia mwenzake. Na mimi katikati, na kofia yangu ya Durban. Mmoja akaniuliza kwa huruma:

"Papa, umesindikiza nani?"

"Nimesindikiza shavu."

Wakacheka wote, vitambaa vikashuka kidogo. Mwanangu, niliyoyaona chini ya vile vitambaa sitayaandika. Mmoja alikuwa na ngozi nyembamba hivi kwamba mishipa inaonekana. Alikuwa wa umri wako. Naye alianza na vipele tu.

Daktari ni mwanamke, kijana, hacheki ovyo. Nikavua kitambaa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakaa.

"Papa, unapakaa nini?"

"Minye? Hapana kintu."

"Papa."

"Kidogo tu. Iko ya mutoto wangu."

"Na mutoto eko anapakaa?"

"Bado. Anangojea afike ku Kolwezi."

Akaweka kalamu chini. Akasema ile krimu karibu hakika ina kortizoni, pengine na dawa ya kutoa rangi, pengine na zebaki, yeye mwenyewe hawezi kujua bila kuipima, na huo ndio ubaya wake. Kortizoni inalaza vipele kama mtu aliyepigwa rungu analala. Ukiiacha vinaamka na hasira. Kwa hiyo mtu anaogopa, anarudia, na kila akirudia ngozi inakuwa nyembamba zaidi. Akasema mimi nina bahati, nilipaka muda mfupi, shavu litatulia lenyewe kwa subira. Halafu akanitazama akasema, "Mwambie asianze. Asiyeanza hana cha kuacha."

Nikamuuliza basi ngozi kama yetu ifanywe nini. Nilitegemea ataniandikia karatasi ndefu. Aziza, alisema vitu vichache hivi kwamba nilimshuku. Kunawa mara mbili kwa siku, kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, si kwa sponji wala mchanga wa garaji (huo nilimweleza, akafunga macho). Kupangusa kwa taulo yako peke yako, kwa kugusa, bila kusugua. Halafu losheni nyepesi. Hapo nikabisha, "Daktari, ule mutoto anatoka mafuta mpaka unaweza kukaanga yai, unaongeza mafuta?" Akasema si mafuta, ni kuipa ngozi kitulizo, ile iliyokaushwa kwa nguvu inakasirika na vipele vinapata nafasi. Asubuhi kinga ya jua, maana jua ndilo linaloyafanya madoa yakae miaka. Usiku dawa moja ya vipele, moja tu, kidogo, siku kadhaa kwa juma kwanza, uone ngozi inasemaje, na ukija kuwa na mimba uulize kwanza. Na ile grisi wanayokupaka kwenye nywele wakikusuka, isishuke kwenye paji la uso. Ile nayo ninaishuku kwa nusu ya vipele vyako vya juu.

"Na matokeo?" nikauliza.

"Miezi, Papa. Miwili, mitatu. Kama haikubali, arudi kwa daktari."

Hapo ndipo nilipomwamini. Katika wote niliowauliza, ni yeye peke yake hakuniahidi haraka.

Sasa fungua begi lako. Ndani ya kitenge cha kijani nimeweka vitu vinne. Nimevikagua kama mtu wa forodha aliyenyimwa chai: vina jina, vina tarehe, mihuri haijafunguliwa, na sabuni nimeinusa, hainuki chochote, jambo lililonisikitisha kidogo kwa kitu nilichonunua. Ile dawa ya usiku ijaribu kwanza chini ya taya. Hata mimi usiniamini bila kujaribu. Hasa mimi.

Kopo la Yaya Betty sijalitoa. Nilishika soksi, nikaiachia. Nilikuwa na nafasi ya kulimwaga chooni na kuliacha limepasuka ndani ya soksi, nawe ungeamini ni safari, barabara ile inavunja hata maneno. Lakini ningelimwaga hili, na kule Kolwezi ungelipata lingine, kuna akina Betty kila mahali penye kioo. Na huko hakuna anayejua ulivyokuwa kabla, hakuna wa kukuuliza mbona shingo ni ya Aziza na uso ni wa mtu mwingine. Najua ndiyo sababu umengojea. Sikulaumu. Namshuku tu yule aliyekufanya ungojee.

Yule meneja, siku utakapofika, atakutazama kidevuni tena. Mwache atazame. Alikupa kazi kipele kikiwa pale pale, mahesabu yako ya chuo ndiyo yaliyomshinda. Na akikusumbua zaidi ya kutazama, nipigie. Lori ninalo, na njia ya Kolwezi naijua hata usingizini, ingawa mama yako hapendi niseme hivyo.

Mlango unalia, ni yeye na samaki wake. Namalizia.

Kesho asubuhi kwenye maegesho ya basi nitakuja bila kitambaa. Watu watatazama, waache, nimeshazoea umaarufu. Kuaga kwetu ni mashavu yote mawili, unajua. Anza na la kulia. Halafu la kushoto, liangalie kwanza vizuri, kwa mwanga wa jua, kisha libusu polepole, maana bado linauma. Nitakuwa nimesimama pale na mikono mitupu. Begi litakuwa begani kwako, mfuko wa pembeni uko upande wangu, sitaugusa. Ukitaka kunipa ile soksi, nipe tu, usiseme neno, nitaitia mfukoni na kukuuliza kama umechukua maji ya kunywa.

Baba yako, wa upande wa kulia na wa kushoto,

Hamisi